Kabla ya Kuuliza Ni Mchina au Mmarekani, Tuuombe Mkataba

(Haya ni mazungumzo niliyoyatoa kwenye kikao cha vijana wa chama hapa Makumira. Nimeyaacha kama nilivyosema, nimepunguza marudio tu.)

 

Pale nje kamanda mmoja kaniuliza nitaongelea nini. Nikamwambia roketi. Akacheka sana: "Dada, sisi maji ya bomba yanakatika, wewe unatuletea roketi!" Utani nimeupokea. Lakini naomba dakika kumi, halafu tutarudi kwenye ardhi na maji yetu.

Tuanze na jirani. Karibu na Malindi, Kenya, kuna majukwaa ya chuma yamesimama baharini tangu miaka ya 1960. Waliyajenga Waitaliano chini ya Profesa Luigi Broglio, na roketi kubwa zilitoka Marekani. Tarehe 26 Aprili 1967 satelaiti ya San Marco 2 iliruka kutoka hapo. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, ikaruka satelaiti ya Marekani ya kuchunguza miali ya eksirei inayotoka angani. Wakaipa jina la Kiswahili: Uhuru. Ya mwisho iliruka mwaka 1988.

Kwa nini Malindi? Kwa sababu iko kama nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta. Dunia inavyojizungusha, ardhi ya ikweta inakimbia kuelekea mashariki kwa karibu kilomita 1,670 kwa saa. Roketi ikirushwa upande huo inapata msukumo wa bure. Na mashariki ya Malindi ni bahari tupu, kwa hiyo dude likianguka halimwangukii mtu. Yaani jiografia aliyotupa Mungu ina bei sokoni. Na pwani yetu, kuanzia Tanga mpaka Mtwara, inatazama bahari hiyohiyo.

Sasa swali la mwanasheria: mwenye nyumba alipata nini? Satelaiti ya kwanza ya Kenya, kadogo tu, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na Chuo cha Sapienza cha Roma, ilifika angani mwaka 2018. Toka 1967 hesabuni wenyewe. Miaka 51! Mkataba mpya na Italia, uliosainiwa mwaka 2016, ndio ulioweka wazi mambo ya mafunzo, takwimu za satelaiti na msaada kwa wakala wa anga wa Kenya. Na kituo hichohicho cha ardhini kimetumika kufuatilia vyombo vya China vya Shenzhou. Marafiki wanabadilika, jamani. Eneo linabaki palepale.

Tuje nyumbani. Mwaka 1960 Marekani na Uingereza walikubaliana kiwekwe kituo Zanzibar cha kufuatilia vyombo vya mradi wa Mercury. Waliokubaliana ni mgeni na mkoloni. Wazanzibari wakaandamana, wengine wakiamini ni kambi ya makombora. Haikuwa kambi ya makombora. Lakini nani awalaumu? Kitu kikijengwa kwenu bila kuonyeshwa karatasi, mtakijaza hofu. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali ya Mzee Karume ikataka kiondoke, na mwaka huohuo kikaondolewa. Mlango uliotoka Marekani, wakaingia Ujerumani Mashariki na China.

Vukeni Ziwa Tanganyika. Miaka ya 1970 Mobutu aliipa kampuni ya Ujerumani Magharibi, OTRAG, eneo la kilomita za mraba kama 100,000 kule Shaba ili ijaribu roketi. Ni zaidi ya mara mbili ya mkoa wetu wote wa Arusha! Mkataba uliipa kampuni madaraka makubwa mno juu ya ardhi ile. Roketi ya kwanza ilirushwa mwaka 1977. Wasovieti wakapiga kelele, majirani wakaingiwa na wasiwasi, na mwaka 1979 Mobutu akaifunga. Alifungua mwenyewe, akafunga mwenyewe. Hakukuwa na bunge la kumuuliza swali.

Msiseme hayo ni ya zamani. Januari 2023 Djibouti ilisaini hati ya makubaliano na kampuni ya Hong Kong kwa ajili ya kituo cha kurushia roketi Obock, ardhi ikitolewa kwa muda usiopungua miaka 35. Uturuki nayo imetangaza kujenga chake Somalia. Foleni inashuka na pwani, na sisi tuko pwani hiyo.

Na sheria ina meno. Kwa Mkataba wa Anga wa 1967 na ule wa Fidia wa 1972, nchi ambayo ardhi yake imetumika kurushia inahesabika nayo kuwa mrushaji. Chombo kikileta madhara huku ardhini, inaweza kudaiwa fidia hata kama hakuna aliyefanya uzembe. Mnakumbuka tarehe 30 Desemba 2024, kijiji cha Mukuku, Makueni? Pete ya chuma ya kilo kama 500 ilidondoka toka juu. Mungu saidia, hakuumia mtu. Sasa fikiria pete kama ile imeangukia nyumba za watu, na roketi ilirushwa kwenu. Mdai anaweza kubisha hodi kwako, si kwa kampuni peke yake. Kama mkataba hausemi nani atakurudishia hela hiyo, imekula kwako.

Hapa naomba nikiri kosa. Mwaka 2023, wakati wa sakata la bandari, nilibishana bwenini mpaka sauti ikakauka. Waarabu hivi, Waarabu vile. Rafiki yangu akaniuliza kwa upole, "Ibara ya ngapi?" Nikanyamaza. Nilikuwa sijasoma hata ukurasa mmoja. Usiku ule nikausoma, na hoja za maana nikazikuta kwenye vifungu vya muda na vya kujitoa. Uarabu haukuwa hoja. Makamanda, tuliokuwa hivyo tulikuwa wengi, na tuliirahisishia kazi serikali: badala ya kujibu hoja, ilitujibu kwamba tuna ubaguzi.

Halafu kuna tundu. Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kuridhia mikataba, lakini ni ile ambayo kwa masharti yake yenyewe inahitaji kuridhiwa. Maana yake waandishi wa mkataba wakiuandika usihitaji, unapita pembeni. Na ule wa bandari ulisainiwa Oktoba 2022, Bunge likauridhia Juni 2023. Tulikuja kuujadili umeshawekwa wino.

Kwa hiyo naomba tusimamie mambo matatu. Mkataba wowote wa ardhi yetu na dola au kampuni ya nje utoke hadharani, kwa Kiswahili, kabla ya wino. Watu wa eneo husika wasikilizwe kwanza. Na kila mkataba useme muda, fidia, na vijana wetu wangapi watafundishwa. Akija Mchina, Mmarekani au Mturuki, maswali ni yaleyale.

Hili si geni kwa watu wa mlima huu. Mwaka 1951 Wameru walifukuzwa Engare Nanyuki ili walowezi wapewe ardhi. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet akasimama Umoja wa Mataifa, New York, kueleza kesi yao. Hakurudi na ardhi. Lakini alikwenda na hoja zilizopangwa.

Kamanda wa maji, nimekusikia. Bomba lako nalo lina mkataba nyuma yake. Kikao kijacho tuje nao, tuusome kifungu kwa kifungu. Mimi nitaanza ukurasa wa kwanza.