Urefu Usiotajwa: Kulinganisha Safu za Ukurasa wa Tovuti katika Vivinjari Vyote

Mada kwa semina ya watengenezaji wa tovuti



Kazi yangu ya kwanza ya malipo ilikuwa tovuti ya shule moja ya bweni. Ukurasa wa mbele ulikuwa na safu tatu: menyu kushoto, matangazo katikati, kalenda ya muhula kulia, na kila safu ilikuwa na rangi yake. Mwenye shule alipouona aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, mbona hii ya kushoto imekatika kiunoni?" Menyu ilikuwa na viungo sita, ilhali matangazo yalishuka mpaka chini. Rangi ya kijani ikaishia pale viungo vilipoishia, na chini yake ukabaki weupe mtupu.

Nikarudi nyumbani, nikaandika `height: 600px` kwenye safu zote tatu, nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi. Wiki mbili baadaye katibu muhtasi wa shule akabandika orodha ya vifaa vya mwanafunzi wa kidato cha kwanza: godoro, ndoo mbili, jembe, fagio la chelewa, rimu ya karatasi, na mengine ambayo kila mzazi anayajua. Orodha ikavuka pikseli 600, ikafurika nje ya safu, ikalala juu ya namba za simu zilizokuwa chini ya ukurasa. Mzazi aliyetaka kumpigia mkuu wa shule alikuta namba imefunikwa na jembe.

Yule mwenye shule hakuwa ameniuliza safu iwe ndefu kiasi gani. Aliuliza kwa nini haifanani na wenzake. Swali lake lilikuwa la undugu, mimi nikamjibu kwa namba. Mada yangu leo ni kwamba historia nzima ya tatizo hili, tangu majedwali hadi gridi, ni ya mafundi waliolazimika kutaja au kubuni namba kwa sababu kivinjari hakikuwa na njia ya kuambiwa kuwa safu hizi ni ndugu. Nikisema safu hapa nina maana ya safuwima. Za kulala nitaziita mistari.

Jedwali lilijua

CSS ya kwanza ilipitishwa na W3C Desemba 1996, ikiwa na fikra za hati: upana unajulikana kutokana na dirisha, urefu unatokana na maneno. Kisanduku hurefuka kadiri kilivyojazwa, basi. Amri ya `float`, ambayo baadaye tuliigeuza mhimili wa kurasa zetu, iliwekwa ili picha ikae pembeni na maneno yaizunguke, kama tulivyozoea kuona gazetini. Ukiweka visanduku viwili vinavyoelea, vitasimama bega kwa bega kama abiria wawili wa daladala, na hakuna anayejua mwenzake anashukia kituo gani.

Kabla ya hapo, na kwa miaka mingi baadaye, watu walitumia jedwali. David Siegel alilipigia debe katika kitabu chake cha mwaka 1996, pamoja na ile picha ya pikseli moja isiyoonekana iliyotumika kusukuma vitu mahali pake. Tumelitukana sana jedwali, na kwa haki: lilitiwa ndani ya jedwali jingine hadi msimbo ukawa kama kichaka, na programu zinazowasomea wasioona zilikariri mistari na safu za kitu ambacho hakikuwa jedwali la takwimu hata kidogo. Lakini jedwali lilijua jambo moja ambalo `float` haikulijua kamwe. Seli zilizo katika mstari mmoja zina urefu mmoja, na urefu huo ni wa seli iliyojaa kuliko zote. Hakuna aliyeutaja. Mstari wenyewe ndio ulioufahamu.

CSS2 ya Mei 1998 ililitambua hilo, ikatoa `display: table-cell` ili kisanduku chochote kipate tabia hiyo bila kuwa jedwali. Jawabu, basi, lilikuwepo. Ila Internet Explorer haikulipokea mpaka toleo la 8, Machi 2009. Toleo la 6, lililotoka 2001 na kuja pamoja na Windows XP, ndilo lililokuwa kwenye kompyuta za mikahawa ya intaneti nilikofanyia majaribio ya kazi zangu. Karibu miaka kumi na moja dawa ilikuwa kwenye rafu na mgonjwa hawezi kuifikia.

Miaka ya ujanja

Januari 2004 Dan Cederholm alichapisha katika jarida la A List Apart ujanja aliouita safu bandia. Usilinganishe chochote, chukua picha nyembamba yenye rangi za safu zote, iweke kama mandharinyuma ya kisanduku mzazi, ijirudie kwenda chini. Safu fupi inabaki fupi, ila rangi iliyo nyuma yake inafika mwisho, na msomaji hajui. Napenda uungwana wa njia hii. Haikukiomba kivinjari lolote ambalo hakiliwezi, ndiyo maana ilifanya kazi kila mahali. Udhaifu wake ni kwamba picha ina upana wake. Ukitaka safu zinazopanuka na dirisha, unaanza kuhesabu asilimia na kuomba Mungu.

Mwaka uliofuata Alex Robinson akaja na njia ambayo bado naikuta katika tovuti za zamani ninazoitwa kuzikarabati. Kila safu inapewa nafasi ya ndani ya pikseli 32,767 kwa chini, kisha pambizo hasi ya kiasi hichohicho inayorudisha hesabu sifuri, halafu mzazi anakata kinachozidi kwa `overflow: hidden`. Namba hiyo haikuokotwa: ndiyo kubwa kuliko zote inayoingia katika biti 16 zenye alama ya chanya na hasi. Kila safu inashuka kama kisima kisicho na mwisho, na mzazi anaifunika pale safu iliyojaa zaidi inapoishia.

Kwa macho, kazi imekwisha. Lakini weka ndani ya safu kiungo kinachompeleka msomaji kwenye kifungu kilicho chini, tuseme `#ada`. Msomaji anabofya, kivinjari kinatii, na kwa kuwa mle ndani kuna kisima cha maelfu ya pikseli, kinasogeza yaliyomo ndani ya kisanduku kilichokatwa. Maneno ya juu yanatoweka. Mwambaa wa kusogeza hakuna, maana tumeuficha wenyewe. Nilishinda siku mbili nikitafuta virusi katika tovuti ya mteja kwa sababu "habari za juu zinapotea zikibofywa ada". Virusi havikuwepo. Kulikuwa na namba iliyobuniwa. Kwa sababu hiyohiyo mstari wa kufungia safu kwa chini hauonekani: upo kweli, ila uko pikseli elfu thelathini chini ya ardhi.

Walikuwepo pia wa JavaScript, waliopima safu zote ukurasa ukifunguka, wakachukua kipimo kikubwa, wakazipa zote. Picha ikichelewa kufika, au msomaji akigeuza simu, kipimo kimeshapitwa na wakati. Sina zaidi la kusema hapo.

Fleksi, na mahali inapoteleza

Rasimu ya kwanza ya mpangilio wa fleksi ilitoka 2009, ikiandikwa `display: box`. Mwaka 2011 ikawa `flexbox`, na 2012 ikatulia kuwa `flex`. Mkikuta katika faili la zamani kisanduku kimoja kimeandikwa kwa lahaja zote tatu, msimcheke aliyeandika. Alikuwa anaongea na vivinjari vya rika tatu kwa wakati mmoja. Kwa hoja yetu, kitu kikubwa ndani ya fleksi ni thamani ambayo hatuiandiki. Watoto wa chombo cha fleksi, wasipoambiwa vingine, wana `align-items: stretch`: hunyooka mpaka walingane na aliye mrefu katika mstari wao. Undugu ule wa seli za jedwali umerudi, safari hii bila jedwali.

Na hata hivyo, kila mwezi naletewa ukurasa wa fleksi wenye safu zisizolingana. Sababu ni zilezile. Ya kwanza na ya kawaida zaidi: aliyenyooshwa ni mtoto, mwenye rangi ni mjukuu. Kuna orodha, ndani yake `li`, ndani yake kadi iliyopakwa rangi. `li` zote zimelingana kabisa, ila hazionekani; kadi imebaki na urefu wake wa asili. Mfanye na `li` kuwa chombo cha fleksi, mjukuu atanyooka pia. Nyingine ni fundi aliyeweka `align-items: center` kwa sababu ya aikoni moja, akasahau kuwa amefuta ulinganifu wa wote. Nyingine ni `height` iliyosahaulika katika kadi mojawapo: kunyoosha hufanya kazi tu pale urefu ulipoachwa huru, na ukishataja, kivinjari kinakuheshimu. Picha, nazo, zikiwa watoto wa moja kwa moja wa fleksi hunyooshwa kama kadi, na uso wa mheshimiwa unakuwa mrefu kama wa ngamia. `Align-self: flex-start` inamrudishia sura yake.

Lipo pia suala la kadi zinazokunjika kwenda mstari wa pili. Fleksi hulinganisha ndani ya mstari, si baina ya mistari. Mteja akitaka kadi zote kumi na mbili ziwe sawa, hapo fleksi si chombo chake. Aende kwenye gridi na `grid-auto-rows: 1fr`. Mimi humuuliza kwanza kama kweli anataka, kwa sababu kadi moja yenye maneno mengi itawarefusha kumi na mmoja wasio na kosa.

Gridi, na maneno yetu marefu

Machi 2017 ulikuwa mwezi wa ajabu katika fani hii: Firefox 52, Chrome 57 na Safari 10.1 zote zilitoka na gridi ndani ya wiki chache, na Edge ikafuata Oktoba. Tuliozoea kusubiri miaka kumi na moja hatukuamini. Leo safu tatu za shule ile ningeziandika hivi, na hakuna urefu uliotajwa popote:

`.ukurasa { display: grid; grid-template-columns: 1fr 2fr 1fr; }`

Lakini hapa Kiswahili kina neno. Mifano mingi tunayojifunzia imejazwa maneno mafupi ya Kiingereza. Jaribu kutia "yatakayowasilishwa" katika safu nyembamba ya simu. Herufi 18 zisizokatika, ilhali Kiingereza kingetumia maneno manne na kupata sehemu tatu za kuvunja mstari. Safu iliyoandikwa `1fr` haikubali kuwa nyembamba kuliko neno lake refu kuliko yote, kwa hiyo inajipanua. Jirani zake wanabanwa, maneno yao yanakunjika mistari zaidi, na ukurasa mzima unarefuka. Kosa la upana linajitokeza kama kosa la urefu, na fundi anatafuta mahali pasipo. Tiba ni kuandika `minmax(0, 1fr)` badala ya `1fr` tupu, pamoja na `overflow-wrap: anywhere` kama kinga. Katika vichwa vya habari naongeza kwa mkono kistari laini, `­`, mwisho wa silabi. Lugha yetu imebarikiwa hapo: silabi nyingi huishia kwa irabu, hata mwanafunzi wa darasa la pili anajua neno likatwe wapi.

Kisha kuna vichwa vya kadi. Panga kadi za wizara. "Wizara ya Maji" inakaa mstari mmoja. "Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum" inachukua minne. Kadi zenyewe zimelingana kwa nje, lakini maelezo yanaanzia juu huku na chini kule, na vitufe vya "Soma zaidi" vimepanda na kushuka kama ngazi ya mnazi. Kwa kitufe peke yake, ifanye kadi kuwa fleksi ya kwenda chini, kisha kipe kitufe `margin-top: auto`, kitazama hadi sakafuni. Ukitaka vichwa navyo vilingane kadi kwa kadi, tumia gridi ya kurithi, ambamo kadi inaazima mistari ya mzazi wake:

`.kadi { display: grid; grid-row: span 3; grid-template-rows: subgrid; }`

Firefox iliipokea mapema, toleo la 71 mwishoni mwa 2019. Safari 16 mwaka 2022. Chrome 117 Septemba 2023. Simu ambayo haijasasishwa tangu kabla ya hapo haitaielewa.

"Vivinjari vyote"

Tangu mwanzo CSS imekuwa na kanuni moja ya adabu: kivinjari kikikuta tamko kisilolielewa, kinaliruka na kuendelea. Opera Mini katika hali yake ya kubana data haijui gridi, na bado kuna watu wanaoitegemea kwa sababu bando si bure. Kwa hiyo naandika kwanza ukurasa wa safu moja, unaosomeka kutoka juu hadi chini. Kwenye simu, hiyo ndiyo sura sahihi hata kwa kivinjari kipya, kwa kuwa safu zikipangwa moja juu ya nyingine swali la kulingana halipo tena. Safu za pembeni nazifungia ndani ya `@media (min-width: 48rem)`, na gridi ndani ya `@supports (display: grid)`.

Wapo wenzangu wanaosisitiza kuwa ukurasa lazima ufanane kila mahali, pikseli kwa pikseli. Siwaungi mkono. Mzazi mwenye simu ya zamani anadai asome orodha ya vifaa na aione namba ya simu. Kwamba kijani cha menyu hakikufika chini, yeye hakuja kwa ajili hiyo. Internet Explorer 11 yenyewe ilistaafishwa na Microsoft Juni 2022. Kuendelea kuibebea hirizi za pikseli 32,767 ni kazi isiyo na mwajiri.

Kwa zoezi la mchana kila kikundi kitapewa ukurasa wa safu tatu na dakika arobaini. Mkimaliza, msiniite niutazame ukiwa na maneno ya mfano. Nitapita na orodha ya vifaa vya kidato cha kwanza, nitaibandika katika safu nitakayoichagua mwenyewe, kisha nitaangalia namba ya simu ya shule.