Kompresa ya Upepo: Kuibadilisha Nyumbani bila Kupoteza Pesa wala Maisha

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama madereva na mafundi)



Mmeniomba niseme juu ya magari haya yanayosimama juu ya upepo, na hasa juu ya ile kompresa inayoyapa upepo huo. Jambo hili linatugusa pande mbili. Wako kati yetu madereva ambao asubuhi hukuta gari la tajiri limelala chini kama ng'ombe, na tajiri huuliza, "Umelifanya nini?" Tena wako mafundi ambao Jumapili hufanya kazi kidogo katika ploti wanamokaa, wapate kuongeza mshahara. Wote wawili wanaweza kupata hasara, na fundi anaweza kupata jambo lililo baya kuliko hasara.

Ili tusipotee, nitasema juu ya gari moja tu: Land Rover Discovery 3, lililotengenezwa tangu 2004 mpaka 2009. Yako mengi hapa kwetu. Discovery 4 na Range Rover Sport ya kwanza ni ndugu zake wa karibu. Wazo lenyewe si geni: Cadillac waliweka upepo badala ya springi za chuma katika Eldorado Brougham ya 1957, Mercedes wakafuata na 300 SE mwaka 1961, na Range Rover ilipata yake mwaka 1992. Mabasi na malori hutumia upepo pia, lakini huko kompresa huzungushwa na injini. Katika Discovery ni mota ndogo ya umeme ya volti 12 iliyofichwa chini ya gari.

Kila gurudumu lina mfuko wa mpira wenye upepo. Vali zinazoongozwa na kompyuta hufunga na kufungua njia za upepo huo. Liko tangi la kuweka akiba, na iko kompresa. Ndani ya kompresa mna pistoni na silinda, kama pampu ya baiskeli. Kila aliyejaza baiskeli upepo anajua kwamba pampu hupata moto mkononi. Basi na kompresa hupata moto vile vile, na kwa sababu hiyo imewekewa kipima-joto. Joto likizidi, kompyuta huizima mpaka ipoe. Ubavuni mwake mna kikaushio, yaani kopo lenye punje zinazonyonya maji katika hewa, ili maji yasiingie katika vali. Watengenezaji wa Ulaya waliogopa maji kuganda kwa baridi. Sisi hapa adui wetu ni tope na vumbi la murram.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu wengi wanapotupa pesa. Kompresa haifi yenyewe mara nyingi. Huuawa. Mfuko mmoja unapata ufa mdogo, au bomba linavuja mahali lilipounganishwa. Upepo unatoka polepole usiku kucha. Asubuhi kompresa inafanya kazi kuinua gari. Mchana inafanya tena. Ringi ya pistoni, ambayo si ya chuma, inalika. Punje za kikaushio zinasagika na kuwa unga mweupe, na unga ule unaingia katika vali ya kutolea upepo. Mwishowe kompresa inalia kama kinu cha posho na gari haliinuki, na taa ya njano inawaka katika dashibodi. Mwenye gari ananunua kompresa mpya, anaifunga, anashangilia, na mpira unaovuja uko pale pale. Hiyo mpya nayo imekwisha anza safari ya kwenda kaburini.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haitaki spana. Inataka rula, kalamu na sabuni. Jioni, gari likiwa mahali palipo sawa, pima kila pembe kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa madigadi juu yake. Andika hesabu nne. Asubuhi pima tena. Lakini mjue ujanja mmoja wa gari hili: hata likiwa limefungwa na kuachwa, kompyuta yake huamka kila baada ya saa kadhaa, na ikikuta pembe moja imeshuka huzishusha na zile nyingine ili gari likae sawa. Basi utakuta gari zima limeshuka, ukadhani kila kitu kinavuja, kumbe ni mfuko mmoja tu. Dawa yake ni kutoa fyuzi ya sasipensheni kabla ya kulala. Hapo kila pembe itasema ukweli wake. Ikishuka pembe moja, tazama mfuko wake na bomba lake. Zikishuka mbili za mbele kwa pamoja, au mbili za nyuma, shuku vali zinazozihudumia. Kisha chukua maji ya sabuni yenye povu, mwagia penye shaka, na utazame. Povu linalokua ndiyo shahidi.

Kabla ya kuihukumu kompresa, tazama pia fyuzi yake na rilei yake. Rilei ni kitu kidogo cha bei ndogo, nacho kina ubaya wa pekee: huweza kushikana ndani, na kompresa ikaendelea kulia hata baada ya ufunguo kutolewa, mpaka betri imekwisha au mota imeungua. Mtu anayeweka kompresa mpya na kuacha rilei ya zamani anafanya akiba ya senti na hasara ya maelfu. Chukua taa ya kupimia umeme, uiweke penye waya wa mota wakati gari linapotaka kuinuka. Umeme ukifika na mota isizunguke, mota imekufa. Umeme usipofika, kompresa huenda ikawa haina hatia yo yote.

Hapa niseme neno kwa madereva, maana mimi nimewaona wawili waliokatwa mshahara kwa ajili ya kompresa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu tajiri kukata kiasi cha haki kwa ajili ya mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. Makusudi, ndugu zangu. Ringi iliyolika kwa sababu mpira wa miaka mingi unavuja si makusudi ya dereva. Tena makato yote yakijumlishwa hayawezi kupita theluthi mbili za mshahara. Lakini dereva naye asikae kimya. Siku taa ya njano inapowaka, andika barua, hata ya mistari mitatu, utie tarehe na hesabu zile nne za rula, umpe tajiri na ubaki na nakala. Anayeendesha miezi miwili huku taa inawaka, bila kumwambia mtu, anakuwa na kesi ngumu, na chama kitapata taabu kumtetea.

Tuje kwa ununuzi. Kompresa ya kwanza ya Discovery 3 ilitengenezwa na Hitachi. Baadaye Land Rover wakatumia ya AMK. Zote mbili hupatikana, na ziko za kuiga, nazo sizisifu. Ukitaka kuweka AMK mahali pa Hitachi, jua kwamba si kufunga bolti tu: kompyuta ya sasipensheni lazima iandikwe programu mpya, na kazi hiyo yataka mtu mwenye mashine ya kuzungumza na gari. Muulize bei yake kabla ya kununua, si baada. Kompresa iliyotolewa katika gari kuukuu huonekana rahisi pale Kirinyaga Road, lakini ringi yake imelika kiasi gani, hata muuzaji hajui. Mimi nikiwa na Hitachi ambayo mota yake ni nzima, ningetengeneza kwanza: ringi mpya, mipira ya kuzuia upepo, punje mpya za kikaushio na chujio jipya. Ni kazi ya mezani, ya usafi na subira, na huokoa pesa nyingi.

Sasa kazi yenyewe, na nitaanza na mawe.

Katika ploti zetu desturi ni kuinua gari kwa jeki, kisha kusukuma mawe ya kujengea chini yake. Naomba tuache desturi hii. Jiwe la nyumba huonekana gumu, lakini likibanwa mahali pamoja hupasuka ghafula, bila kulia kwanza. Discovery ni karibu tani 2 na nusu. Na gari la upepo lina hatari ya pili isiyokuwamo katika gari la springi za chuma: linaweza kubadili kimo chake wakati wewe uko chini. Vali ikiwa na uchafu, upepo hutoka na gari hushuka juu ya kifua cha mtu. Kwa hiyo usitegemee upepo kabisa, wala usitegemee jeki. Tumia stendi za chuma, uziweke chini ya chesisi. Na kwa kuwa ua wa ploti ni udongo, weka ubao mpana na mnene chini ya kila stendi, la sivyo mguu wake utazama. Asiyekuwa na stendi aazime. Asiyepata wa kumwazima aahirishe kazi.

Kama gari bado linaweza kuinuka, lipandishe kimo cha juu kabisa kwanza, upate nafasi. Zuia magurudumu kwa kabari. Inua, weka stendi, lisukume kwa mkono uone kama limetulia. Zima, toa ufunguo, kisha fungua waya hasi wa betri. Kompresa iko upande wa kushoto, nje ya chesisi, mbele kidogo ya gurudumu la nyuma. Kwetu ni upande wa abiria. Imefunikwa na kifuniko cha kupunguza kelele. Bolti zake huwa zimeshikwa na tope na kutu, kwa hiyo zipake mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake. Anayelazimisha bolti ya kutu hukata kichwa chake, na kazi ya asubuhi moja ikawa ya siku mbili.

Ukiisha toa kifuniko, safisha kwa brashi kabla ya kufungua cho chote, maana punje moja ya mchanga ikiingia katika bomba itakwenda kukaa katika vali. Kisha bomba la upepo. Vaa miwani. Upepo humo unaweza kupita bar 10, na tairi ya gari dogo ni kama bar 2 na nusu. Legeza nati polepole, usikie ukipumua, ungoje mpaka unyamaze. Gari haliteremki kwa kufunguliwa bomba hili peke yake, kwa kuwa vali za mifuko zimefungwa. Lakini nimekwisha sema juu ya vali chafu. Ziba mdomo wa bomba kwa kitambaa safi au plastiki. Chomoa vichwa vya waya, kile kinene cha mota na vile vyembamba, bila kuvuta waya wenyewe. Chomoa mpira wa kuvutia hewa. Sasa fungua nati za kishikio, huku mkono mmoja ukiibeba kompresa.

Kurudisha ni njia ile ile kinyume, ila mambo machache. Ncha ya bomba ikiwa imechubuka, ikate kwa wembe mkali, iwe mraba, na utumie kiungo kipya kilichokuja na kompresa. Tazama ile mipira inayoitenga kompresa na chesisi. Ikiwa imekufa, kelele itaingia ndani ya gari na utadhani umeuziwa kitu kibaya. Badili chujio la hewa. Badili rilei. Rudisha kifuniko, usikitupe ati kwa sababu kilikusumbua. Ndicho kinachozuia tope.

Kabla ya kutoa stendi, tazama kama mifuko ina upepo. Gari zito likishushwa juu ya mfuko mtupu, mpira hujikunja vibaya na kupasuka. Rudisha waya wa betri, ondoka chini ya gari, wewe na watoto wote wa ploti, ndipo uwashe injini, kwa sababu kompresa hii haiinui gari injini ikiwa imezimwa. Tangi tupu huchukua dakika kadhaa kujaa, kwa hiyo usishtuke. Gari likiinuka na kusimama, toa stendi. Taa ikibaki inawaka, huenda kosa la zamani bado limeandikwa katika kompyuta, na lafaa lifutwe kwa mashine. Mwagia sabuni katika kiungo ulichofunga.

Na jioni ile toa rula tena. Pima pembe nne, toa fyuzi ya sasipensheni, ulale. Asubuhi pima kabla ya kunywa chai. Hesabu zikiwa zile zile, rudisha fyuzi na umkabidhi mwenye gari ufunguo pamoja na karatasi ya vipimo, nawe ubaki na nakala yake.