Waya wa Sauti Kutoka Chumba Hadi Chumba

Fungueni madaftari, shikeni kalamu. Maneno mapya ya leo ni manne: kipaza sauti, visikizio, wavu, ethi. Mwalimu atayaandika ubaoni, nanyi myasome pamoja.

Siku hizi watu wengi hunasa nyimbo nyumbani kwao kwa kompyuta. Tuseme bibi yenu anajua nyimbo za zamani za arusi, nanyi mnataka kuzihifadhi. Mkimweka chumba kimoja na kompyuta, feni yake itasikika katika kila wimbo. Basi bibi aimbe chumba cha pili, na mlango ufungwe. Je, sauti itapitaje? Itapita katika waya.

Sauti itokayo katika kipaza sauti ni umeme mdogo sana, sehemu chache tu za elfu za volti. Umeme wa ukutani hapa Tanzania ni volti 230. Nyaya hizi mkizilaza pamoja, umeme mkubwa utaingia katika ule mdogo, nanyi mtasikia mvumo kama wa nyuki. Basi zitenganisheni. Zikilazimika kukutana, zikatane kama msalaba.

Chagueni waya wenye nyuzi mbili ndani, zilizosokotwa pamoja na kuzungukwa na wavu wa shaba. Kwa nini nyuzi mbili? Fikirini mizani ya dukani. Vumbi likianguka sawasawa katika sahani zote mbili, mizani haiinami. Ndivyo ilivyo hapa. Mvumo huingia katika nyuzi zote mbili sawasawa, na mashine hupima tofauti tu iliyopo baina yake. Mvumo hufutika, sauti ya bibi hubaki. Waya wa namna hii waweza kwenda mita 30 bila shida. Lakini waya wa gitaa, wenye uzi mmoja tu ndani ya wavu, yafaa usizidi mita 6.

Pitisheni nyaya mbili ukutani. Mmoja huleta sauti ya mwimbaji. Wa pili hupeleka sauti katika visikizio alivyovaa masikioni, ili asikie ala, nanyi mweze kumwambia, "Anza!" Andikeni namba katika kila ncha, msije mkachanganya. Kisha zibeni tundu la ukuta vizuri, maana panapopita hewa, kelele nayo hupita.

Sasa sikilizeni jambo kubwa. Mashine zote zipate umeme kutoka njia moja ya soketi. Zikitumia njia mbalimbali, nyaya za ethi zaweza kufanya mzunguko, na mvumo ukarudi. Wako watu ambao hukata waya wa ethi, ule wa rangi ya kijani na njano, ili mvumo ukome. Msifanye hivyo kamwe! Mashine ikiharibika, ethi ndiyo hupeleka umeme ardhini. Ethi ikikatwa, umeme hutafuta njia katika mwili wa mtu. Mwaka 1972, mjini Swansea, Wales, mpiga gitaa Leslie Harvey alishika kipaza sauti kisichokuwa na ethi nzuri, na huku ameshika nyuzi za gitaa lake. Alikufa pale pale jukwaani.

Wimbo wenye mvumo huimbwa tena. Bibi hapatikani mwingine. Kwa hiyo waya wa sauti vuteni wenyewe, lakini soketi na ethi mwachieni fundi wa umeme.

Maswali ya kujibu katika daftari:

1. Kwa nini mwimbaji hukaa chumba cha pili?
2. Waya wa sauti na waya wa umeme hukutana namna gani?
3. Waya wa ethi una rangi gani, na kazi yake ni nini?

Someni majibu yenu kwa sauti mbele ya wenzenu. Kwaherini, mpaka juma lijalo.