Vikapu Kumi na Viwili



Tunasoma katika Yohana sura ya 6 kwamba wanaume wapatao 5,000 walilishwa kwa mikate mitano na samaki wawili, wakashiba. Kisha Yesu aliwaagiza wanafunzi wake wakusanye mabaki, na vikapu 12 vikajaa. Yeye aliyeweza kuzidisha mikate hakukubali hata makombo yapotee.

Sisi je? Tukitupa kitu twasema kimekwisha. Hakikwishi. Takataka nyingi za Nairobi zimepelekwa Dandora, kwenye jaa lililotangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na bado malori hayakukoma kumwaga. Watoto wa huko wamevuta moshi wa vitu tulivyonunua sisi. Je, hao si jirani zetu?

Tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini Kenya. Sheria ilituondolea mfuko mkononi. Ufujaji ulio moyoni huondolewa na Kristo.

Basi, mama, uendapo sokoni chukua kiondo chako. Baba, nunua kinachowatosha watu wa nyumbani. Chupa zioshwe zitumike tena, na mikebe vilevile. Maganda ya viazi yarudi shambani yawe mbolea. Na kabla ya kutoa pesa, jiulize: kitu hiki kikiisha kazi, kitamwangukia nani?

Tuombe. Ee Bwana, utufundishe kutunza vyote ulivyotujalia, na kumhurumia jirani tusiyemwona. Amina.