Mke wa Nchi Jirani Akija Ukambani: Jina Lake Liandikwe Wapi?

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama wa Makueni na Kitui, na kupigwa chapa kwa ombi la wasiofika.)



Tumeombwa na tawi tuseme juu ya jambo lisilokuwamo katika mapatano yetu na waajiri, wala halihusu mshahara au saa za kazi. Hata hivyo lafika mezani pa katibu wetu mara kwa mara, hasa likizo za Desemba zikikaribia. Mwanachama aja na kusema: "Mke wangu ni Mtanzania. Anakuja kukaa nyumbani Mutomo mpaka mavuno. Je, nimpeleke polisi akaandikishwe?" Mwingine ana mume Mganda, mwingine mchumba wa Ulaya waliyejuana Mombasa kazini, nao wauliza hilo hilo.

Jibu fupi ni hapana. Hakuna sheria ya Kenya inayomtaka mgeni aliyeingia kwa halali aende kituo cha polisi cha Wote au cha Kitui kuandikisha jina kwa kuwa amekuja kuwaona wakwe. Lakini jibu hilo fupi limewaponza wengi. Mtu akisikia "si polisi" huelewa "si popote", naye akaa na mgeni wake kimya, huku siku zikihesabika bila yeye kujua. Jina liko mahali pa kuandikwa, na muda wake upo. Hayo ndiyo tuliyokuja kuyaeleza.

Kwanza tuseme kwa nini swali hili huulizwa kwa hofu namna ile. Hofu hiyo tumeirithi. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilitungwa 1915, na vita vilipokwisha ikaanza kutumika kwa nguvu kuanzia 1920. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka kumi na sita na zaidi alichukuliwa alama za vidole, akapewa kipande, akakitia katika kibweta cha bati na kukitundika shingoni kwa kamba, kama mbuzi aliyevishwa kengele. Bwana wa shamba aliandika humo mshahara na siku mtu aliyoanza kazi, na asipotia sahihi ya kumwachilia, mtu huyo hakupata kazi kwingine. Akiondoka bila sahihi alikuwa mtoro, na polisi humtafuta mpaka kijijini kwake. Harry Thuku na wenzake walipinga kipande pamoja na kupunguzwa kwa mishahara. Alipokamatwa Machi 1922 watu walikusanyika Nairobi kumdai, wakapigwa risasi. Sheria ile ilibadilishwa 1947 ili wanaume wa rangi zote waandikishwe, lakini karatasi ya kuonyesha askari ilibaki.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, Oktoba 1952 mpaka Januari 1960. Wakikuyu, Waembu na Wameru hawakuweza kusafiri bila ruhusa ya maandishi. Wazee wetu waliofanya kazi kwenye reli kati ya Sultan Hamud na Mtito Andei waliona mabehewa ya mahabusu yakipita kwenda Manyani. Mkamba aliyekuwa ameoa Kikuyuni alijua maana ya kumpeleka mke nyumbani: karatasi ya kutoka, karatasi ya kufika, na maelezo kwa chifu.

Na mke mwenyewe hakuwa na karatasi yo yote ya jina lake. Wanawake wa Kenya hawakuingizwa katika uandikishaji wa vitambulisho mpaka mwishoni mwa miaka ya 1970. Kabla ya hapo alikuwa "mke wa fulani" tu. Twaona desturi hiyo haijafa. Hata leo mume hubeba pasipoti ya mkewe mfukoni mwake, na mke akiulizwa njiani hana la kuonyesha. Ndugu, mpeni mwenyewe karatasi yake.

Sasa tuitaje reli kidogo, maana ndoa nyingi za namna hii zilianzia huko. Siku za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, kijana wa Kibwezi aliweza kupelekwa Moshi, Tabora au Tororo, akakaa huko miaka kumi, akaoa huko. Treni ilitoka Voi, ikapita Taveta mpaka Kahe, na mke akaja kumsalimu mama mkwe kwa tikiti ya familia ya mfanyakazi. Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika, reli ikagawanywa, na Tanzania ikaufunga mpaka Februari mwaka huo. Haukufunguliwa mpaka 1983. Miaka sita! Wapo watoto waliozaliwa na kuanza shule bila kumwona bibi yao aliyekuwa ng'ambo ya Loitokitok, mwendo wa siku moja kwa miguu. Hakuna aliyewaomba wafanyakazi shauri kabla ya kufunga. Tumeona tuliseme hilo kwa sababu vijana hudhani mpaka umekuwa wazi siku zote.

Jumuiya mpya ilipokuja, Mapatano ya Soko la Pamoja yalianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Chini ya mapatano hayo raia wa nchi mwanachama huingia bila viza, na hupewa pasi ya kukaa mpaka miezi sita. Tangu 2014 Kenya, Uganda na Rwanda hupokea hata kitambulisho cha taifa kwa safari. Tanzania haikuingia katika mpango huo wa vitambulisho, kwa hiyo mke wa Tanzania na aje na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria inayotolewa na Uhamiaji wa kwao. Wageni wasio wa Jumuiya, kama yule mchumba wa Ulaya, tangu Januari 2024 wengi wao huomba idhini ya kusafiri kwa kompyuta kabla ya kupanda ndege. Asisubiri kuiomba akifika.

Hapo mlangoni ndipo jina linapoandikwa. Afisa wa Uhamiaji hugonga muhuri na kuandika siku alizoruhusu. Msiulize jirani yake alipewa ngapi. Someni muhuri wenu. Ukiandikwa miezi mitatu, ni mitatu, hata kama mapatano yasema mpaka sita.

Watu wa Makueni wana mlango wao wa karibu, barabara ya Tarakea, Illasit, Loitokitok mpaka Emali. Ni njia nzuri, na ubaya wake ni huo huo uzuri. Siku za soko watu huvuka mashambani na ndizi kichwani, asubuhi kwenda na jioni kurudi, wala hakuna anayetazama muhuri. Mke wa mwenzetu mmoja, fundi wa magari, alizaliwa Rombo. Alipokuja kwa wakwe alifuata njia ya shangazi zake wa sokoni, akapanda matatu upande wa huku. Mbele ya safari gari lilisimamishwa. Hakuwa na muhuri, ingawa pasipoti alikuwa nayo mpya katika kikapu. Akashushwa na mtoto mgongoni. Mume alipigiwa simu, akaambiwa alete pesa, akaleta, akapewa mke bila stakabadhi wala karatasi. Wiki ya tatu wakaja watu wengine nyumbani, maana habari ya pesa ilikuwa imekwisha kusambaa. Akatoa tena. Mara ya tatu alikuwa amebakiza nauli, ndipo akaja kwetu.

Tulimshauri mke arudi kwao na kuingia tena kwa mlango, apate muhuri, na hivyo ndivyo walivyofanya. Safari iliwagharimu siku mbili. Pesa alizokwisha kutoa mumewe zingetosha karo ya muhula. Hatusemi mke hakuwa na kosa. Kuingia bila kupita kwa afisa ni kosa mbele ya sheria. Twasema kosa lile lina mahakama yake. Faini hutozwa na hakimu, na ukilipa hupewa risiti. Askari akimkamata mtu ni lazima amweleze sababu, jina liandikwe katika kitabu cha matukio, cha O.B., na afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya kazi inayofuata kama mahakama imefungwa. Hayo yamo katika Katiba ya 2010, kifungu cha 49, nayo yamhusu mgeni kama mwenyeji. Ulizeni namba ya O.B. kwa adabu, bila kelele. Mara nyingi swali hilo peke yake hufupisha mazungumzo.

Ama chifu na Nyumba Kumi, tusichanganye mambo. Mpango wa Nyumba Kumi ulianzishwa na serikali yetu 2013, kwa mfano wa mabalozi wa nyumba kumi walioanza Tanzania miaka ya 1960. Unapokuwa na mgeni, mtambulishe kwa mzee wa utui na kwa naibu chifu. Mkamba hahitaji kufundishwa hilo. Mgeni asiyeonyeshwa majirani huhesabiwa amefichwa. Mashariki ya Kitui, huko Mutha, Ngomeni na Tseikuru, ugomvi wa malisho umewatia watu hofu, na sura ngeni huulizwa mara mbili. Huko utambulisho ni ngao. Lakini naibu chifu si Uhamiaji. Hawezi kuongeza siku za muhuri wala kuzipunguza, na salamu kwake haina ada. Nguvu nyingi za machifu za kuwazuia watu kwenda na kurudi ziliondolewa sheria yao ilipobadilishwa 1997.

Polisi mtakwenda kwao kwa jambo moja hasa: pasipoti ikipotea. Hapo fanyeni haraka, pateni abstrakti, kisha nendeni kwa ubalozi wa mgeni.

Mgeni atakayekaa zaidi ya miezi mitatu mfululizo ana kazi nyingine. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 yamtaka aandikishwe kama mgeni mkaazi na kupewa kadi yake. Hilo ni shauri la Uhamiaji, kwa kompyuta na Nyayo House, Nairobi. Polisi hawatoi kadi hiyo. Mke au mume huomba pasi ya mtegemezi. Ndoa ikitimiza miaka mitatu aweza kuomba ukaazi wa kudumu, na ikitimiza saba ana haki ya kuomba uraia. Kwa Mtanzania twaongeza neno: nchi yake kwa kawaida haikubali mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Asikubali karatasi ya uraia wa Kenya kabla ya kuuliza atapoteza nini, hasa kama ana shamba la urithi kwao.

Katika maombi hayo yote mtadaiwa cheti cha ndoa. Hapa ndipo wengi wetu twakwama. Kwa Wakamba, mbuzi wa ntheo wakishapokewa, mke ni mke, na hata mahakama zimelisikiliza hilo. Lakini karani wa Nyayo House hakuwala mbuzi wale. Sheria ya Ndoa ya 2014 yataka ndoa ya kimila iandikishwe kwa msajili, nayo hupata cheti kama ya kanisani. Fanyeni kabla mgeni hajafika mwezi wa pili.

Kwa dada zetu wanachama: zamani mgeni wa kike aliyeolewa na Mkenya aliweza kuandikishwa uraia, lakini mgeni wa kiume aliyemwoa Mkenya hakuweza. Mwanamke wa Kitui aliyeolewa na Mganda alimlaza mumewe kwake kama mpangaji. Katiba ya 2010 iliondoa tofauti hiyo, na mtoto apata uraia kwa mama sawasawa na kwa baba, popote alipozaliwa. Akitokea mtu wa kuwaambia "mwanamume hufuatwa, hafuati", hiyo ni desturi yake, si sheria.

Na ninyi mkienda kwao, msidhani kila nchi ni kama hii. Ukienda Unguja au Pemba kwa wakwe, mwenyeji wako akupeleke kwa sheha, ambaye ndiye mwenye daftari la watu wa shehia. Tanzania bara, kwa mwenyekiti wa kitongoji au balozi. Ng'ambo ziko nchi ambako polisi ndio hasa wenye daftari: Uchina, mgeni asiyelala hotelini huandikishwa polisi katika saa 24 tangu kufika, hata akilala kwa mama mkwe wake. Huko swali la yule ndugu wa Mutomo lingejibiwa ndiyo, tena upesi.

Katibu atakaa ofisini Jumamosi mbili zijazo. Leteni pasipoti zenyewe, si picha ya simu, pamoja na cheti cha ndoa kama kipo; na asiye na cheti aje na mzee aliyeshuhudia ntheo. Mke aje mwenyewe. Walio na muhuri uliokwisha muda waje pia, wasione haya. Mashauri hayo tutayapeleka kwa wakili wa chama kabla hayajafika kwa askari wa barabarani. Sasa tutapokea maswali, na ndugu wa Kibwezi aliyenyoosha mkono tangu tulipotaja reli na aanze yeye.