Gugumaji Likishanyunyiziwa Dawa



Kila gugumaji linapofunga mwalo, swali hurudi lile lile: kwa nini Serikali isipige dawa likaisha? Mkulima hupiga glaifoseti shambani na baada ya wiki moja au mbili nyasi zimekauka. Ziwa Victoria lina nini hata lisipigwe dawa hiyo hiyo? Ni swali la haki, na sisi wataalamu tumezoea kulijibu kwa kukunja uso.

Tuwatendee haki kwanza wanaotetea dawa. Zinaua kweli. Dawa iitwayo 2,4-D huiga homoni ya ukuaji, mmea ukakua ovyo hadi ukajimaliza. Glaifoseti huzuia kimeng'enya ambacho mmea hukihitaji ili kujitengenezea asidi amino, kimeng'enya ambacho binadamu na samaki hawana. Hata hivyo, vitu vinavyochanganywa humo ili dawa ishike kwenye jani vinaweza kudhuru samaki na vyura kuliko glaifoseti yenyewe. Huko Florida, tangu miaka ya 1970, hunyunyiza kidogo kidogo, mapema, gugumaji likiwa bado kidogo, na kazi hiyo hufanywa na watu wenye leseni. Wamefaulu.

Sisi hatuombi dawa mapema. Tunaiomba ziwa likishafunikwa, na hapo ndipo hesabu inapokataa. Hekta moja ya gugumaji lililosongamana inaweza kuzidi tani 300. Asilimia 95 hivi ni maji, lakini hizo zinazobaki ni tani 15 za majani na mizizi mikavu. Likipigwa dawa haliendi popote. Linazama, linaoza, na vijidudu vinavyoliozesha vinanyonya oksijeni ya maji yale yale anamopumulia sato. Ndiyo maana kanuni ya kazi hii duniani ni kunyunyiza sehemu tu ya eneo, theluthi au nusu, kuanzia ufukweni kwenda kilindini ili samaki wapate pa kukimbilia, kisha kusubiri wiki mbili hivi kabla ya kuendelea. Sasa nani atalipimia theluthi gugumaji la Ghuba ya Winam, ambalo jioni liko Kisumu na upepo ukigeuka asubuhi limehamia kwa jirani? Lipigwe dawa Kenya, lije kuozea Uganda au Tanzania?

Likishaoza, naitrojeni na fosforasi lililokuwa limevishika hurudi majini. Afrika Kusini waliliona hilo katika bwawa la Hartbeespoort, magharibi ya Pretoria. Mnamo 1977 gugumaji lilikuwa limefunika zaidi ya nusu ya bwawa, wakalipiga dawa iitwayo terbutrini, likafa. Maji yalibaki yamejaa uchafu wa mijini ule ule, mwangaza sasa ukapenya, na mwani wenye sumu ukatawala. Baadaye gugumaji nalo likarudi. Bwawa hilo ni dogo na lina ukuta. La kwetu ni ziwa la nchi tatu, na watu hulinywa.

Kuna mambo mawili ya kwetu hasa, ambayo vitabu vya Florida haviyaoni. Pamba ni miongoni mwa mazao yanayoumizwa upesi mno na 2,4-D: hata mvuke unaopeperushwa na upepo huyasokota majani yake. Kanda ya Ziwa ndiyo nchi ya pamba. La pili ni soko. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisitisha ununuzi wa samaki wa ziwa hili kwa hofu ya wavuvi waliovua kwa sumu. Viwanda vya minofu ya sangara viliyumba, na vibarua wakarudishwa nyumbani. Mnunuzi aliyewahi kushtuka hivyo hatakaa kutusikiliza tukimweleza tofauti ya sumu ya kuvulia na dawa ya magugu.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 gugumaji lilifunika hekta elfu nyingi, kisha likaporomoka. Walioliporomosha ni mbawakawa wa jenasi ya Neochetina, walioletwa kutoka kwao Amerika ya Kusini na kuachiwa ziwani, upande wa Uganda mwaka 1995, Kenya na Tanzania mwaka 1997, wakisaidiwa na hali ya hewa ya El Niño. Walikuwa na ubora mmoja ambao dawa haina: hula polepole, na gugumaji hudhoofika kidogo kidogo. Lakini nao hawatoshi, kwa kuwa mbegu hukaa kwenye tope miaka mingi, na Mto Kagera pamoja na mitaro ya miji yetu hulilisha gugumaji kila siku.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Dawa itumike kwenye malambo na mifereji iliyofungwa ambayo watu hawanywi maji yake, na pale gugu geni linapoonekana kwa mara ya kwanza, likiwa bado kipande cha ukubwa wa ua wa nyumba. Ziwani, hapana. Naziomba halmashauri zote zinazopakana na ziwa: fedha mliyotaka kununulia mabomba ya kunyunyizia, anzeni nayo kujenga mabwawa ya kusafishia majitaka, na vikundi vya mialo vinavyofuga mbawakawa vilipwe kwa kazi hiyo.