Tusitie Sahihi Kabla ya Kuona

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama hapa Njoro, Moshi, kabla ya kufunguliwa shule)



Siku hizi kila nyumba ya Njoro yahesabu fedha zake kwa ajili ya mwezi wa Januari. Ni kweli ya kuwa Januari 2016 ada iliondolewa katika shule za Serikali mpaka kidato cha nne. Walakini sare, madaftari, viatu, godoro, ndoo na nauli bado ni juu yetu. Hayo mwayajua, wala hatukuja kuwafundisha. Tumekuja kusema habari ya jambo moja lisiloandikwa katika orodha ya vitu vya kununua.

Sisi makarani tuna desturi njema. Mzigo ukiletwa ghalani, hatutii sahihi mpaka tumeufungua na kuuhesabu. Hata mletaji akituharakisha, twamwambia angoje. Lakini fomu ya shule ikiletwa nyumbani, twaitia sahihi usiku juu ya meza ya chakula, pasipo kuiona nyumba atakayolala mtoto. Je, gunia la sukari lina thamani kupita mtoto?

Lawama hii ni yetu pia. Mwaka mmoja tulimpeleka binti yetu katika shule ya bweni. Tulishusha sanduku, tukauliza bei ya godoro, tukamshukuru mwalimu, tukawahi basi la kurudi Moshi. Aliporudi likizo ndipo alipotuambia ya kuwa madirisha yote ya bweni lao yana nondo, na mlango ni mmoja tu, nao hufungwa kwa kufuli upande wa nje saa tatu usiku. Tulikuwa tumesimama mbele ya mlango ule ule, wala hatukuutazama.

Hofu iliyotushika haikuwa ya bure. Mwezi wa Juni 1994, katika mlima wetu huu, moto uliunguza bweni la shule ya sekondari ya Shauritanga, wilayani Rombo, wakafa wasichana zaidi ya 40. Machi 2001 jirani zetu wa Kenya walipoteza wavulana 67 katika bweni la Kyanguli, huko Machakos. Moto ule uliwashwa kwa makusudi, lakini mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo, hata wengi wakakosa pa kutokea. Agosti 2009 walikufa wasichana 12 huko Idodi, mkoani Iringa, kwa moto ulioelezwa kuwa ulitokana na mshumaa wa mwanafunzi. Moto huanza kwa njia nyingi. Lakini aliye ndani huhitaji njia moja tu iliyo wazi.

Wala mwenye mtoto wa kutwa asidhani ya kuwa maneno haya hayamhusu. Tarehe 6 Mei 2017 gari la shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni karibu na Karatu, wakafa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Basi na tuulize vilevile gari la shule limekaguliwa lini, na lachukua watoto wangapi.

Kwa hiyo, ndugu zetu, kabla ya kutia sahihi twende tukaone. Tuulize: bweni lina milango mingapi, nayo yafunguka kwa nje? Ufunguo wa usiku yuko nao nani, naye hulala wapi? Madirisha yaweza kufunguliwa na mtoto aliye ndani? Umeme ukikatika, watoto husomea taa gani? Kisha tumwambie mtoto asiwashe mshumaa karibu na chandarua, na ajue njia ya kutoka hata gizani.

Wako wasemao ya kuwa mzazi aulizaye sana humletea mtoto wake chuki. Sisi tulirudi shuleni kwa adabu, wazazi watatu pamoja, tukamkuta mwalimu mwenyewe ana hofu ile ile, ila hakuwa na fedha. Kufuli liliondolewa siku ile. Mlango wa pili ulingoja mkutano wa wazazi, nasi tulichanga fedha ya fundi. Tuliona ya kuwa swali lililoulizwa vema ni msaada kwa mwalimu.

Asiyepata ruhusa kazini amwombe mkewe, mumewe au jirani aende kwa niaba yake. Wazee walisema, tahadhari kabla ya athari. Wino wa sahihi yetu una uzito. Tusiutie mahali ambapo macho yetu hayajafika.

Tumekwisha. Twawatakia watoto wetu wote mwaka mwema wa masomo, na kurudi nyumbani salama.